Pampu ya Kuusaidia Moyo na Mgonjwa wa Matisi
Mada kwa semina ya wahudumu wa afya wa Kitale na Bungoma



Nimeombwa nizungumzie mashine zinazousaidia moyo kusukuma damu mgonjwa anapoingia katika shoku ya moyo. Nitazieleza, lakini kwanza niuweke wazi msimamo wangu: kwetu Trans Nzoia na Bungoma, huwezi kuizungumzia mashine bila kuuliza mgonjwa alitambuliwa saa ngapi na nani alipigiwa simu.

Katika shoku ya moyo, damu ipo mwilini ila moyo umeshindwa kuifikisha ya kutosha kwenye ubongo, figo na ini. Namba ya juu ya presha hushuka chini ya 90 na kubaki huko. Lakini usiitazame presha peke yake. Gusa magoti: ni ya baridi. Bonyeza ukucha: rangi inachelewa kurudi. Mfuko wa mkojo haukusanyi hata mililita 30 kwa saa, na mgonjwa anahangaika kitandani, hataki kulala chali. Hapo ndipo tunapoweza kumwumiza. Tunaona presha imeshuka, tunafungua dripu ikimbie, na maji yale yanaishia mapafuni. Kabla ya dripu, sikiliza mapafu na utazame mishipa ya shingo. Ikiwa mapafu yanalia na mishipa imevimba, mgonjwa huyo hana upungufu wa maji.

Sasa mashine. Ya zamani zaidi kati ya zinazotumika ni puto, ambalo Adrian Kantrowitz alilitumia kwa wagonjwa kule Brooklyn mwaka 1967. Hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya aota, likajazwa heliamu moyo unapopumzika na kunywea moyo unapotaka kusukuma. Msaada wake ni mdogo, kama nusu lita ya damu kwa dakika. Pampu ndogo ya Impella huingia kwa njia hiyo hiyo mpaka ndani ya ventrikali ya kushoto, ikainyonya damu na kuimwaga kwenye aota. Aina ya CP hupitisha zaidi ya lita 3 kwa dakika. Ekmo nayo huitoa damu mwilini, huitia oksijeni, kisha huirudisha kwa nguvu kwenye ateri. Inaokoa mapafu na moyo kwa pamoja, lakini inaulazimisha moyo dhaifu kusukuma dhidi ya mkondo huo.

Utafiti umetufundisha unyenyekevu. Mwaka 2012, wagonjwa 600 nchini Ujerumani walilinganishwa, wengine wakiwekewa puto na wengine la. Vifo vya siku 30 vilikaribiana, asilimia 39.7 kwa 41.3. Mwaka 2023 ekmo ilipimwa kwa namna hiyo, ikatoa asilimia 47.8 kwa 49.0, tena na damu nyingi zaidi kumwagika. Mwaka 2024 ndipo utafiti wa Denmark, Ujerumani na Uingereza ulipoonyesha kwamba Impella ilipunguza vifo vya siku 180 kutoka asilimia 58.5 hadi 45.8. Hata hivyo, waliotokwa damu sana au kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine ya figo waliongezeka. Na kuwapata wagonjwa waliofaa, wasiopungua 350, kuliwachukua watafiti wale miaka 10 katika nchi zenye kila kitu.

Walikuwa wagonjwa gani? Ni watu ambao mishipa yao ya moyo iliziba ghafla. Hapa naomba tutulie kidogo. Utafiti uliowafuata wagonjwa 1,006 wenye moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri ni miaka 52, chanzo kikuu kikiwa presha kupanda. Mishipa iliyoziba ilikuwa asilimia 7.7 tu. Wengine walikuwa wenye moyo uliotanuka, akina mama waliotoka kujifungua, na vijana wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi.

Kwa hiyo hatuwezi kuchukua jibu la utafiti wa Denmark tukalibandika Matisi, hapa Kitale. Kijana ambaye valvu yake ya mitrali imebana hasaidiwi na pampu inayonyonya kutoka ventrikali ya kushoto, kwa sababu damu haifiki humo ipasavyo. Valvu ya aota inayovuja huharamisha puto. Wagonjwa hawa wanahitaji mpasuaji, na Hospitali ya Tenwek kule Bomet wanapasua mioyo.

Mama aliyejifungua ni jambo lingine, na mimi namtetea kwa moyo wote. Ugonjwa wake huanza mwezi wa mwisho wa mimba au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na karibu nusu ya akina mama hawa moyo wao hurejea katika nguvu yake ndani ya miezi sita. Pampu ya muda ni daraja, na kwa mama huyu daraja lina ng'ambo. Kama kuna mtu katika kaunti hizi ambaye tunapaswa kumpigania apate mashine, ni yeye. Lakini huyo ndiye tunayemwambia kwamba kuhema ni uchovu wa kunyonyesha, au tunampa dawa ya nimonia akarudi nyumbani.

Hata hivyo, sishauri Kitale inunue pampu. Mashine bila mtaalamu wa kuiendesha usiku na mchana, bila benki ya damu na maabara isiyolala, itauzuia mguu kupata damu hadi ukatwe kabla ya kumsaidia mgonjwa moyo. Nashauri noradrenalini na dobutamini zenye pampu za sindano, mashine ndogo ya kuupima moyo kitandani, na namba moja ya simu inayopokelewa Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, kilomita kama 70 kutoka Kitale, ambako huduma za moyo zimejengwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke. Gharama tuzidai kwenye mfuko wa dharura na magonjwa mahututi wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024.

Tuanzie wodi za wazazi za Kitale na Webuye, kwa fomu moja ya ukurasa mmoja: saa ya kutambuliwa, presha, joto la magoti, mkojo wa kila saa, dawa zilizotolewa, na jina la aliyepokea simu Eldoret. Baada ya miezi sita tukutane na fomu hizo mezani, tuone ni wangapi walifika Eldoret wakiwa bado wanakojoa.