Kwa Nini Daraja Letu Halitakuwa na Nguzo ya Katikati

(Maelezo ya kamati ya ujenzi mbele ya mkutano wa mwaka wa wanaumoja)



Tulipoleta ombi la mchango wa daraja la waenda kwa miguu, wengi mlituuliza: kwa nini tusimwage zege la kawaida, tukaongeza nondo, tukamaliza kwa fedha pungufu? Swali ni la haki, fedha ni zenu. Leo tunajibu.

Mnakumbuka mvua za Oktoba 2019, barabara ya Handeni–Korogwe ilipokatika. Kwenye korongo letu, daraja la mbao mlilolichangia lilikuwa na nguzo moja katikati. Maji peke yake hayakuling'oa. Magogo yalikuja na mafuriko yakanasa kwenye nguzo ile, takataka zikajaa nyuma yake, mto ukapata ukuta wa kusukuma. Kulipokucha hapakuwa na kitu. Tangu hapo, mvua ikinyesha watoto wa ng'ambo hawaendi shule, au wanavushwa mabegani mwa baba zao, maji yakiwa kifuani. Nguzo ya katikati haturudii. Tunataka boriti zivuke mita 12, ukingo hadi ukingo.

Hapo ndipo nondo zinapotushinda. Zege likibanwa ni jabali. Likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Boriti yenye mzigo hupinda kidogo: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutwa. Fundi anaweka nondo chini kwa sababu hiyo. Lakini nondo hubeba sehemu yake kubwa ya kazi baada ya zege kuanza kupata nyufa nyembamba. Na kadiri boriti inavyokuwa ndefu, lazima inenepe, hadi uzito wake wenyewe unauzidi ule wa watu wanaopita. Kuongeza nondo hakupunguzi uzito huo.

Jaribuni hili nyumbani. Panga madaftari kumi kwenye meza, yabane kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili, kisha yainue. Yanasimama hewani kama ubao mmoja, na unaweza kuweka kikombe juu yake. Legeza mikono, yanaanguka. Zege tunalolisemea hufanywa hivyo hivyo: linabanwa kwanza, kabla ya mzigo kuja, kwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa jeki. Mzigo ukifika, kazi yake ya kwanza ni kupunguza ule mbano, na upande wa chini haufikii kupasuka.

Wazo hilo ni la zamani, ila waliotangulia walitumia chuma cha kawaida. Zege hujikunja na kufupika kidogo kidogo kwa miaka, mvuto wote ukapotea. Mfaransa Eugène Freyssinet, aliyeisajili mbinu yake mwaka 1928, alielewa kwamba panatakiwa chuma chenye nguvu sana, kivutwe sana, ili hata zege likifupika mvuto mwingi ubaki. Nyaya za leo zina nguvu kama mara nne ya nondo zetu za dukani.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, nyaya huvutwa kiwandani, zege linamwagwa juu yake, likikomaa nyaya zinaachiwa. Mataruma ya reli ya kisasa yaliyotengenezwa Soga, mkoani Pwani, ni ya namna hiyo. Ya pili, zege hukomaa kwanza likiwa na mabomba ndani. Nyaya hupitishwa, zikavutwa, zikafungwa ncha zote mbili. Mmeshapita juu yake: daraja jipya la Wami, mita 510, lililofunguliwa kwa magari mwaka 2022. Tuliokuwa tukisubiri zamu kwenye lile jembamba la zamani, basi moja likipita lingine likingoja, hatuhitaji kuelezwa tofauti.

Kwa korongo letu tumechagua njia ya kwanza. Boriti zitakuja zimekamilika, zikiwa nyembamba kuliko zile ambazo tungemwaga wenyewe, na kwa kuwa hazina nyufa, maji hayafikii chuma kwa urahisi.

Tusiwafiche ubaya wake. Boriti hizi haziwezi kutengenezwa kijijini, hata na fundi hodari. Zikibebwa kichwa chini, au zikiinuliwa katikati badala ya kwenye ncha, zinaweza kuvunjika kabla ya kufika. Zikishafungwa, asije mtu kuzitoboa apitishe bomba la maji: waya uliovutwa ukikatwa, ni hatari. Na kingo zikiwa dhaifu, boriti nzuri haisaidii. Kwa hiyo fedha za kwanza zitalipa mhandisi na upimaji wa udongo, kisha misingi. Boriti tutaagiza misingi ikishasimama, si kabla.

Ahadi zinapokelewa na mweka hazina, meza ya mlangoni, kwa stakabadhi. Mwenye lori refu, au anayemjua mwenye kreni atakayekubali kufika hadi korongoni kiangazi, tafadhali aonane nasi kabla hajaondoka ukumbini. Hapo ndipo bajeti yetu inapoumia zaidi.