Kabla ya Kutia Sahihi Hospitalini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Sisi watu wa reli twajua thamani ya karatasi. Dereva haondoi treni mpaka amesoma ruhusa ya njia na kuielewa. Lakini tukifika hospitali twapewa karatasi ya Kiingereza, twaonyeshwa pa kutia sahihi au kidole gumba, nasi twatia upesi kwa sababu ya maumivu na hofu.

Mwenzetu mmoja alibanwa mkono akiunga mabehewa. Alitia sahihi katika hospitali moja ambayo hatuitaji, na alipoamka vidole viwili havipo. Huenda daktari alifanya lililopasa. Hatusemi alikosa. Twasema hakuna aliyemwambia, naye alikuwa na fahamu zake zote na kinywa cha kuulizia. Hata leo akiuliza kama vidole vile vingeweza kupona, hatuna la kumjibu.

Ndugu, sheria haiko hivyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, yamtaka mganga amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida ya kila njia, hatari zake na gharama zake. Tena amwambie kwamba anaweza kukataa, na akikataa litampata nini. Yote hayo, iwezekanapo, kwa lugha anayoielewa. Basi usione haya kusema, "Daktari, tafadhali nieleze kwa Kiswahili." Hiyo si jeuri.

Kifungu cha 9 chataka idhini ya mtu aliyekwisha kuelezwa. Yako mambo yaliyotengwa: kwa mfano, mtu amezimia, na kukawia kwaweza kumwua. Hapo daktari asingoje, maadamu mgonjwa hakuwa amekataa waziwazi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Siri pia. Habari za ugonjwa wako si za msimamizi wa kazi kuzisikia bila ruhusa yako. Na tangu Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2006, ni marufuku kumlazimisha mtu apimwe virusi ndipo aajiriwe.

Lakini tusiwaendee wauguzi kwa makelele. Wao ni wafanya kazi kama sisi, na foleni zao twaziona. Sheria hiyo hiyo yatutaka tuwaheshimu na kuwaambia kweli, hata kama tumekunywa dawa za mitishamba. (Wengi wetu huficha hili.) Ukitendewa vibaya, kifungu cha 14 chakupa haki ya kupeleka malalamiko na yachunguzwe. Andika siku, saa na wodi.

Mgonjwa peke yake husahau kuuliza. Kwa hiyo twaomba wenye nafasi ya kuwasindikiza wenzao hospitali, wa Likoni, wa Kisauni na wa hapa Changamwe, wampe Katibu majina yao mkutano ukiisha.