Simu Sikioni na Ubongo Wako

Leo tunazungumzia swali ambalo wazazi wengi wanalo: je, mawimbi ya simu yanaudhuru ubongo?

Mwaka 2011 Daktari Nora Volkow na wenzake nchini Marekani waliwafunga watu 47 simu mbili, moja kila sikio. Siku moja simu ya kulia ilikuwa hewani lakini imezimwa sauti, hivyo hakuna aliyesikia chochote. Siku nyingine zote mbili zilizimwa kabisa. Picha za ubongo zilionyesha kuwa baada ya dakika 50 za simu kuwa hewani, sehemu iliyo karibu na antena ilitumia sukari zaidi, kwa takriban asilimia 7.

Sukari ndiyo nishati ya ubongo. Kwa hiyo ubongo uliyapokea mawimbi yale na ukaitikia, ingawa mwenye ubongo hakujua lolote. Lakini kuitikia si kuugua, na watafiti wenyewe walikiri kwamba maana yake kiafya bado haijulikani.

Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei. Hata hivyo, mwaka huohuo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mwaka 2024 mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika hilo hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka 10. Habari hiyo inatia moyo, nami naiamini.

Sasa, wengi huogopa mnara wa simu ulio nyuma ya nyumba, kumbe simu iliyobanwa sikioni ndiyo hukufikishia mawimbi mengi zaidi, kwa sababu yanapungua haraka sana kadiri unavyokaa mbali na yanakotoka. Tena mtandao ukiwa hafifu, labda uko bondeni na kimebaki kijiti kimoja, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Kama maongezi ni marefu, subiri ufike penye mtandao mzuri.

Na mtoto akitaka kuzungumza na bibi yake nusu saa nzima, mwache azungumze. Weka spika, simu ikae mezani.