Bandari, Mikoko na Mvuvi: Mizani ya Maendeleo Lamu

Kama kawaida yetu, hapa hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachambua hoja tu. Leo ni ile inayopigiwa makofi kila kampeni: "Mnataka maendeleo ama mnataka mazingira?" Swali hilo ni mtego. Twendeni Lamu tuone.

Bandari mpya ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Kiuchumi ni jambo kubwa: njia ya mizigo ya Ethiopia na Sudan Kusini, na tumaini la ajira kwa kaunti iliyosahaulika miaka mingi. Lakini kabla meli haijatia nanga, bahari ilichimbwa iongezwe kina, na mikoko ikakatwa. Kwenye mizizi ya mikoko ndiko samaki, kamba na kaa hukulia. Kwa mvuvi mdogo, hayo si "mazingira" ya kwenye semina. Hapo ndipo kazini kwake. Hapo ndipo karo ya watoto inatoka.

Aprili 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ikasema pia wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Juni 2019, mahakama ya mazingira ikafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa hukohuko Lamu, wa megawati 1,050. Sababu moja kubwa? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tena.

Sasa msidhani nasimama na miti peke yake. Mwaka huohuo wa 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Marufuku hiyo ikawafikia wakata mikoko wa Lamu, watu wanaoishi kwa kuuza boriti, wakabaki mikono mitupu. Hapo maumbile yalilindwa, binadamu akasahauliwa. Mizani ililemea upande wa pili tu.

Mnaona kinachofanana? Uamuzi ulikuja kwanza, mwananchi akafikiriwa baadaye. Na Katiba ya 2010 iko wazi: kifungu cha 10 kinataka wananchi washirikishwe, cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kushirikishwa si chai, mandazi na kutia sahihi kwenye daftari la mahudhurio.

Kwa hivyo, akija mtu kuwaambia "nawaletea mradi", muulizeni matatu. Moja, nani atapoteza riziki, na atalipwa kabla ya tingatinga kufika ama baadaye? Mbili, maji, samaki na msitu vitabaki katika hali gani? Tatu, kazi ngapi ni za wenyeji, na vijana wameanza kufunzwa kuzifanya?

Akishindwa kujibu, jueni hana mpango. Ana picha ya mradi tu.

Uwanja ni wenu sasa: kwenu kuna mradi gani, na mliulizwa lini?