Bitiruti Yafichua Uchafu wa Meno

Bungoma mna miwa, Kitale tuna mahindi, lakini chai yetu ni moja: sukari tele. Basi leo tuongee juu ya meno.

Mtoto akifikisha miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto huota gego jipya. Wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto, eti litang'oka lenyewe. La, hilo ni la kudumu! Likioza likang'olewa, halioti lingine.

Jino huozaje? Si funza, jamani. Ni vijidudu. Kimojawapo, Streptococcus mutans, kilielezwa mwaka 1924 na J. Kilian Clarke huko London. Vijidudu hujenga utando juu ya jino. Tukila sukari, navyo vinakula, halafu vinatoa asidi inayomumunya jino. Kila kikombe cha chai, kila pingili ya muwa, ni shambulio jipya.

Shida ni kwamba utando huo hauonekani vizuri. Tunapiga mswaki haraka haraka, tunasema tayari. Sasa chukueni bitiruti moja. Ioshe, ikune, ikamue kwa kitambaa safi. Mtoto asukutue maji yake kwa nusu dakika, ateme, kisha asukutue maji safi mara moja. Mpe kioo. Palipobaki wekundu juu ya jino ndipo penye utando. Angalieni sana karibu na ufizi na kwenye magego. Apige mswaki mpaka wekundu uishe. Asiache, maana bitiruti nayo ina sukari yake.

Lakini tusidanganyane. Rangi hii haisemi ni kijidudu gani, wala haionyeshi kama jino limetoboka. Mtoto mwenye maumivu au uvimbe apelekwe hospitali, msingoje.

Na asiye na mswaki wa dukani? Mswaki wa mti unafaa ukitumiwa kwa uangalifu; mti wenyewe unaota kule Turkana, kaskazini ya Kitale. Dawa ya meno yenye floraidi ikipatikana, itumike mara mbili kwa siku, mara moja iwe kabla ya kulala.

Leo jioni, kabla taa haijazimwa, mwambieni mtoto afungue mdomo. Tazameni lile gego la nyuma.

Haya, nani ana swali?