Hesabu ya Stima: Volti, Ampea, Omu na Wati

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi na ndugu mmoja wa kazi ya taa za mabehewa



Halmashauri ya tawi imeniomba niwaeleze hesabu ya stima. Wengi wetu tulisoma shule ya misheni, praimari tu, na tukiona karatasi za mafundi wakubwa twadhani ni mambo ya watu wa Yunivasiti. Sivyo. Mtu ajuaye kuzidisha na kugawanya aweza kuifanya hesabu hii kwa kipande cha chaki.

Kwanza majina. Mmeona tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo kwenye stesheni za zamani. Kimo cha tangi ndicho kinachosukuma maji; msukumo wa namna hiyo katika stima huitwa volti. Wingi wa maji yapitayo bombani ni mfano wa mkondo, nao hupimwa kwa ampea. Bomba likiwa jembamba huyazuia maji. Kizuizi hicho katika waya ndicho ukinzani, na kipimo chake ni omu. Jina hili latoka kwa Georg Simon Ohm, mwalimu wa Kijerumani, aliyeitangaza kanuni yake katika kitabu mwaka 1827. Wakubwa wengi wa elimu kwao hawakumjali. Ilikuwa mwaka 1841 ndipo chama cha wataalamu cha London, Royal Society, kilipompa nishani. Mwalimu wa shule alikuwa kweli, nao walichelewa.

Sasa kanuni yenyewe. Gawanya volti kwa ampea, utapata omu. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani nguvu inayotumika. Basi.

Chukueni taa ya behewa iliyofungwa kwa betri ya volti 24. Mita yasema ampea 1. Ukinzani ni 24 kwa 1, omu 24. Nguvu ni 24 mara 1, wati 24. Nyumbani twatumia volti 240. Pasi inayovuta ampea 5 ina ukinzani wa omu 48, na nguvu yake ni wati 1200. Tazameni chini ya pasi zenu, wati zimeandikwa pale. Gawanyeni kwa 240 mpate ampea.

Ukipima ukinzani wa balbu ya waya ikiwa baridi utapata omu chache sana kuliko za hesabu. Mita haikudanganyi. Waya ule ukipata moto, ukinzani wake hupanda mara nyingi, na ndiyo sababu balbu nzee hupenda kufa saa ile ile ya kubonyeza swichi, mkondo unapoingia kwa wingi. Tena, hesabu hii ni ya vitu vya joto. Mota ya friji au ya feni ina mambo yake, na volti mara ampea hapo haitoi wati za kweli sawasawa.

Lakini jambo lililonileta hasa ni viungo vya waya. Katika vyumba vyetu watu huunga waya kwa kusokota kwa vidole, kisha wakafunga kwa karatasi ya nailoni. Kiungo kibovu kina ukinzani. Tuseme ni nusu omu tu, nawe umewasha jiko la koili linalovuta ampea 8. Volti zinazopotea pale ni 8 mara nusu, yaani 4. Wati ni 4 mara 8, yaani 32. Mtu atasema, wati 32 ni nini? Ndugu, chuma cha kulehemu risasi cha fundi wa redio ni kama wati 30, nacho huyeyusha risasi. Joto lile lote liko mahali padogo kama ncha ya kidole, nyuma ya kitanda, karibu na godoro.

Sasa mwenzako aongeze koili ya pili katika waya ule ule. Ampea ni 16. Volti zinazopotea ni 8, na wati ni 8 mara 16, yaani 128. Mkondo umezidi mara mbili, moto umezidi mara nne. Angalieni sana hapo. Na yule anayetoa fyuzi ya ampea 13 akatia msumari, amemfukuza askari mlangoni. Msiguse waya wowote kabla ya kuzima swichi kubwa, na kazi ya ukutani mwiteni fundi wa stima mwenye ruhusa.

La mwisho ni la mfuko. Yuniti moja ya stima ni wati 1000 kwa saa 1. Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake silitaji, ana balbu ya wati 60 na redio ya wati 10, huwasha saa 5 kila jioni. Jumla wati 70, mara 5, mara siku 30, ni 10,500. Hizo ni yuniti 10 na nusu. Mwenye nyumba amemdai yuniti 90. Kwa saa zile 150 za mwezi, yuniti 90 zataka wati 600, yaani balbu kumi kama ile yake moja. Balbu nyingine tisa ziko wapi? Mita ni moja kwa vyumba vyote, na katika ua kuna jiko la kukaangia viazi.

Tumeiandika hesabu hiyo kwenye karatasi, naye ameipeleka Jumatatu. Jibu bado halijaja. Mwenye dai la namna hii na amwone Katibu, aje na wati za vyombo vyake na saa anazowasha. Sasa niulizeni maswali.