Kupokea Wapya Katika Kalasi ya Kifaransa



Wandugu wengine waliovuka ziwa Tanganyika kutoka kambi ya Nyarugusu wamejiandikisha kwa kalasi yetu. Wa zamani wamekwisha kufika mbali, wanaandika barua. Wapya wanaanza na bonjour. Sasa tutawapokea namna gani?

Tusiwaone kama watu wenye hawajui kitu. Wengi wanasoma na kuandika Kiswahili safi cha Tanzania. Kinachowapungukia ni lugha ya biro. Katiba ya 2006 inaweka Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, lakini lugha rasmi ni Kifaransa. Mtu mzima akichekwa siku ya kwanza, harudi. Kesho anatia kidole kwenye karatasi yenye hakusoma. Anaambiwa ni ya kupima shamba, kumbe ameuza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo 3.

Kwanza, kila mpya akae pembeni ya wa zamani mmoja, asiachwe nyuma peke yake. Mwalimu ana watu wengi, jirani ana mmoja tu.

Pili, wa zamani ndio wafundishe somo la kwanza: nom, postnom, prénom. Kule Tanzania mtu anaandika jina lake, la baba, na la ukoo. Fomu ya hapa inauliza namna ingine. Akijaza kwa mazoea, majina ya mzazi kwenye cheti cha mtoto hayatapatana na ya kwenye karatasi zake zingine. Na mtoto anapashwa kuandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa hiyo somo hilo halingoji.

Tatu, mpya naye afundishe. Asome mbele ya wote barua ya Kiswahili, wa zamani waitafutie maneno ya Kifaransa. Siku hiyo yeye ndiye anasahihisha kama maana imebaki ileile.

Wafadhili wetu, kila mara munatuuliza ni wangapi wamejiandikisha. Mutuulize pia ni wangapi wamerudi juma la pili. Hesabu hiyo ndiyo inaonyesha kama kalasi inajua kupokea watu.

Wa zamani, siku ya kuanza mufike mbele ya saa, muwawekee wenzenu viti.